Kitambaa Cheusi cha Gari la Harusi

Gasper wa Lisekese ana gari dogo la kubeba abiria kati ya Masasi na Newala. Kila asubuhi huliosha kabla hata hajanawa uso. Mke wake, Oliva, humwambia kwamba gari ndilo mke mkubwa pale nyumbani. Gasper hucheka tu.

Wiki ile alilisugua zaidi. Jumamosi lingembeba bibi harusi kutoka Mkunya hadi kanisani, na bibi harusi mwenyewe ni Flora, mdogo wake Oliva. Gasper aliahidi mbele ya wakwe zake kwamba gari litapendeza. Tena alikwishawatangazia madereva wenzake stendi kwamba boneti lake lililochubuka atalivika kitambaa cha kaboni, kile cheusi kinachometameta kama cha magari ya mashindano. Sasa akishindwa ataficha wapi uso wake?

Jumatatu asubuhi akapanga vifaa uani: kitambaa, kopo la gundi ya majimaji na chupa ya dawa ya kuigandisha. Hapo hapo uani jiko la mkaa lilikuwa na maharage, na mkekani Oliva alikuwa ameanika makopa, mihogo yake ya kusaga unga. Gasper hakujali. Alilisugua boneti kwa msasa mkavu mpaka vumbi likatanda. Kisha akachukua sufuria.

"Baba Dina, hiyo si sufuria yangu ya wali?" Oliva aliuliza.

"Nitaiosha, mke wangu."

Akamimina nusu ya kopo la gundi. Dawa hakuipima, alimimina tu, tena nyingi, kwa sababu kulikuwa na baridi na yeye alitaka ikauke chapuchapu. Akakoroga kwa nguvu. Mara sufuria ikaanza kupata joto, na hakuna aliyeiweka motoni. Halafu ikatoa moshi unaowasha macho. Gasper akaruka pembeni, gundi imemganda vidoleni. Akashika chupa ya petroli anawe.

"Weka chini petroli, shemeji. Jiko lina moto."

Alikuwa Flora, ameshuka kutoka Newala kuchukua gauni lake kwa fundi cherehani. Flora ni fundi wa kunyoosha na kupaka rangi bodi za magari, na kazi hii anaijua.

"Hiyo sufuria msiiguse," alisema. "Mama Dina, ondoa jiko na watoto. Tusimame mbali mpaka ipoe yenyewe."

Gasper akanawa kwa maji mengi na sabuni, kama Flora alivyomwelekeza. Sufuria ilipopoa, gundi ilikuwa jiwe. Ikatupwa na sufuria yake.

"Sasa niambie, shemeji, ulikuwa unapika boneti au unapika ugali?" Flora alimtania.

"Sielewi ilichemkaje."

"Gundi hii na dawa yake vikikutana vinatoa joto. Ukichanganya nyingi kwa mara moja, au ukizidisha dawa, joto linapanda mpaka moshi. Dawa haiongezwi ili ikauke upesi. Pima kama kopo linavyosema, na uchanganye kidogo kidogo."

Kisha akautazama mkeka. "Na makopa haya yamekula vumbi la rangi. Si chakula tena."

Oliva akayamwaga shimoni kwa hasira. Gasper aliona haya. Lakini kilichomuuma zaidi ni kopo. Gundi iliyobaki isingetosha boneti.

"Stendi watanicheka," alisema.

"Wacha wacheke. Boneti ni kubwa na wewe ndiyo kwanza unajifunza. Lipigwe polishi. Kitambaa tukivike vifuniko vya vioo vya pembeni. Ni vidogo, na gundi inatosha."

Kwa Gasper, kumeza maneno yake mwenyewe hakukuwa rahisi. Mwisho akaenda mjini kununua glavu, miwani ya kazi na barakoa za mafundi, zile zenye vichujio. Zile za kitambaa hazizuii harufu ya gundi.

"Mikono hii Jumamosi inavishwa pete," Flora alisema, akivaa glavu na shati la mikono mirefu. "Sitaki niende madhabahuni najikuna."

Wakafanya kazi nyuma ya nyumba, penye hewa, mbali na moto na chakula. Gasper alivichomoa vifuniko, akaviosha kwa sabuni na kuvikausha. Safari hii alisugua kwa msasa wa maji, vumbi lisiruke. Wakapaka gundi nyembamba, wakangoja.

"Gusa kwa glavu," Flora alisema. "Ikinata lakini haitoki kidoleni, ndio wakati wa kulaza kitambaa."

Gasper akakilaza. Alikibana kuanzia katikati kwenda pembeni, polepole, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Wakapaka gundi juu yake, wakaacha hadi kesho yake. Ilipokauka kabisa, akapunguza kingo na kusugua kwa msasa wa maji. Akarudia gundi, akangoja tena, na mwisho akapuliza vanishi isiyo na rangi, inayozuia jua lisiifanye gundi kuwa ya njano. Alipovishika vifuniko mkononi alitabasamu peke yake. Oliva naye akaja kuvitazama, akasema ni vizuri, na Gasper akajua amesamehewa. Hata hivyo, kabla ya Ijumaa alimletea sufuria mpya na gunia la mihogo.

Jumamosi gari likapanda Newala na kwenda Mkunya. Boneti lilikuwa limechubuka vilevile, ila linang'aa kwa polishi, na vioo viwili vyeusi vilimetameta juani. Kanisani vijana wakalizunguka kabla hata halijasimama vizuri. Madereva wawili wa stendi walikuwepo, na wote walitazama vioo.

"Gasper, kazi safi," mmoja alisema. "Umevitoa wapi hivi? Tuelekeze kwa fundi."

Gasper angeweza kujisifu. Akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akampa mkono shemeji yake ashuke na gauni lake jeupe.

"Fundi ndiye huyu," alisema. "Lakini leo hapokei kazi."