Chakula cha Soja

Kavata aliishi Nuu, chini ya mlima, na mumewe Ndeti na binti yao Nzilani. Walikuwa na mbuzi kumi na wanane na mbwa mmoja, Soja. Kila asubuhi Soja aliwatangulia mbuzi kwenda malishoni. Tangu alipokuja, fisi hakuwahi kula mbuzi wao hata mmoja.

Mwaka wa 1979 kanisa lao lilifanya karamu. Kavata alirudi nyumbani na mifupa iliyopikwa na mafuta mengi ya nyama. Soja alikula yote.

Kesho yake alitapika, kisha akaanza kuhara. Kavata alimwonea huruma, akampa bakuli zima la maziwa. Soja akahara zaidi. Siku iliyofuata Kavata akamwongezea. Nzilani alikunywa chai bila maziwa. Siku ya tatu mbuzi walitoka, lakini Soja hakuinuka.

Siku hiyo Ndeti aliwachunga peke yake. Alirudi na mbuzi kumi na saba.

"Fisi?" Kavata aliuliza.

"Fisi. Tena mchana. Mama Nzilani, huyu mbwa amekwisha. Tutafute mwingine."

"Hajaisha! Nampa chakula kizuri kuliko chetu."

Jirani yao, Muthama, alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Kavata alimwita. Muthama alimpapasa Soja tumbo, akaangalia ufizi wake na mavi yake.

"Hakuna damu. Hiyo ni bahati. Umekuwa ukimpa nini?"

"Maziwa. Kila siku."

"Hayo maziwa ndiyo yanamzidishia. Mbwa wengi wakubwa hawayawezi, hasa tumbo likiwa gonjwa."

"Kwa hivyo ni mimi nimemwumiza?"

"Ulitaka kumsaidia. Sasa tumsaidie vizuri. Leo asile kitu mpaka kesho asubuhi, tumbo lipumzike. Lakini asikose maji. Mpe kidogo kidogo. Kesho chemsha mchele mpaka uwe laini kabisa. Changanya na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mafuta. Usitie chumvi wala kitunguu."

"Na mifupa?"

"Mifupa iliyopikwa hapana, hata akipona. Huvunjika vipande vyenye ncha, vinaweza kumtoboa utumbo. Mpe chakula cha kujaa kiganja, mara nne kwa siku. Ukiona damu, au akitapika hata maji, usingoje. Mlete ofisini."

Ndeti alicheka. "Mchele na kuku? Hata mimi nitaanza kuhara!"

Jioni hiyo Soja aliwatazama wakila. Kavata alitamani kumtupia tonge. Akageuza kigoda, akampa mgongo.

Asubuhi Soja alilamba mchele wote. Mkia ukatikisika. Siku ya tatu Nzilani alikuja mbio kutoka nyuma ya boma.

"Mama! Soja amekunya mavi magumu!"

Kavata alipiga makofi kama aliyesikia habari za harusi. Kuanzia hapo alipunguza mchele, akaongeza ugali kidogo kila siku. Soja alipopata nguvu, Muthama akampa dawa ya minyoo. Wiki ya pili mbwa aliongoza mbuzi tena, na fisi wakarudi mlimani.

Siku moja jirani mwingine, Kiilu, alisimama kwenye ua akilalamika kwamba mbwa wake anahara.

"Umempa maziwa?" Ndeti aliuliza kwa sauti ya daktari. "Acha kabisa! Mpumzishe tumbo. Maji kidogo kidogo. Halafu mchele laini."

Kavata alimsikia kutoka jikoni. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.