Soko la Jumatano Nisiloruhusiwa Kuingia

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, na hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti ya juu, sokoni, watu wakisikia.

Na kwa nini nisiseme? Skuli niliachia darasa la tatu, huko Tabora. Oman niliingia na mashati mawili. Nimebeba saruji Sur mpaka ngozi ya mabega ikatoka! Leo nina pikapu tatu, zizi la mbuzi na nyumba ya ghorofa hapa Ibra, na hakuna aliyenipa hata baisa moja, senti ya huku. Nimejijenga mwenyewe.

Kazi yangu ni masoko ya wiki. Alhamisi niko Sinaw, nanunua kwa Mabedui. Ijumaa asubuhi niko Nizwa, nauza. Pale mbuzi huzungushwa kwenye duara, wanunuzi wamejipanga pande zote, kila mmoja anapaza sauti yake. Mimi mbuzi akipita mara moja tu namtia mkono mgongoni, namfungua mdomo, nakwambia umri wake, ugonjwa wake, na uongo wa mwenyewe. Wenzangu waliniita Daktari. Sijawahi kuuziwa mbuzi mbovu, wallahi!

Lakini Ibra kuna soko jingine, la Jumatano. Hilo ni la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume hakanyagi. Ukijipitisha utazomewa mpaka ukose pa kuuweka uso wako.

Soko hilo, wasomaji wangu, ndilo lililonimaliza... na sijaingia ndani yake hata siku moja.

Mama yangu ni Bi Mwanaidi, Mnyamwezi wa Tabora. Baba alikuwa Mwarabu mwenye duka, akafa nikiwa mdogo. Mama alinilea kwa vitumbua. Nilipopata hamu ya kuja huku kwa watu wa baba, aliuza kiwanja chake, tukapata nauli ya watu wawili. Mzigo wake ulikuwa nguo chache na chuma cha kukaangia vitumbua, amekifunga kwenye kanga. Nilimcheka. Akasema, “Wewe una nguvu zako, mwanangu, mimi nina hiki.”

Miaka ya mwanzo tulikaa Sur, mtaa wa Aija, chumba kimoja. Mimi kibarua, yeye anakaanga. Mtaa mzima wakimwita Mama Khalfan. Siku nilizokosa kazi tulikula vitumbua vilivyobaki. Nilijijenga mwenyewe, nasema... kumbe nani alikuwa akinilisha?

Mwaka tisini na tatu nikapata mchumba, Rahma, binti wa Mzee Saud wa Mudhaibi. Watu waliorudi kutoka Unguja, wenye jina lao, nyumbani wanazungumza Kiswahili safi. Mzee Saud aliponikalisha, swali la kwanza lilikuwa ukoo. Baba yako nani? Nikamtajia. Na mama yako, binti wa nani?

Nikasema mama yangu alikuwa Mwarabu, alikufa Tabora nikiwa mtoto.

Hakuna aliyenilazimisha! Hakuna aliyenitolea khanjari! Nilitazama mito ile ya mejlisi, chumba chao cha wageni, nikatazama weupe wa mikono ya yule mzee, nikaona haya juu ya aliyenizaa. Akauliza, na yule mama wa Kiafrika unayekaa naye? Nikajibu ni yaya wetu wa zamani, nimemhurumia nikaja naye. Ulimi haukujikwaa hata kidogo.

Nilirudi nikamweleza mama. Alikuwa anachekecha unga wa mchele. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: “Mpaka lini, mwanangu?”

Nikamwambia mpaka harusi ipite.

Harusi ikapita. Mama alizungusha kahwa kwa wanawake. Mama mkwe wangu akamtunza riale moja kwa adabu yake, naye akaja kunionyesha. “Nimetunzwa,” akasema, akacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, jamani!

Nikahamia Ibra, maana Sur nilijulikana mno. Nikimwona mwanamume wa Sur huko Sinaw au Nizwa, nabadilisha njia, najifanya natafuta kamba ya mbuzi. Kwa miaka hakuna hata mmoja aliyenikamata kwa maneno. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Nyumbani tukapata watoto watatu. Wote walimwita Yaya. “Yaya, maji!” “Yaya, viatu vyangu!” Wajukuu zake... Nilipoona wanazidi kukua na masikio yao yanakua nao, nikaacha kumwamkia mama shikamoo. Yeye naye akaanza kusimama nikiingia, kama wanavyosimama watumishi. Siku ya kwanza ilinichoma. Siku ya kumi nilizoea.

Mapema, mwaka wa pili wa ndoa, alikuwa ameniomba kitu kimoja. Alitaka kuuza vitumbua soko la Jumatano. Nikapiga akili yangu ya biashara: mule haingii mwanamume, basi nani atamwona? Nani atanijulia siri? Nikakubali. Nilimpeleka mwenyewe, lakini nyuma ya pikapu, pamoja na mbuzi, maana kiti cha mbele kingezua maswali. Alishuka kona ya kabla ya lango, akapangusa kinyesi cha mbuzi kwenye kanga, akaingia na sinia lake kichwani.

Na alipotoka alikuwa mtu mwingine! Shingo imesimama, anacheka peke yake. Mule ndani aliitwa Bi Mwanaidi. Wanawake walipanga foleni kwa vitumbua vyake vya hiliki. Jumatano moja kila wiki mama yangu alikuwa mtu. Kisha anapanda tena nyuma, na mbuzi.

Sasa sikieni ujinga wa Daktari. Miaka yote hiyo nilikuwa nakimbia wanaume wa Sur. Sikukumbuka kwamba Sur ina wanawake!

Kila Jumatano alikuja pale Bi Thuraya, mwuza vitambaa na bukhuri ya kufukizia, aliyekuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta Aija. Amekula vitumbua vya mama tangu mimi nabeba saruji. Hapa Ibra mimi naye hatukuonana hata mara moja. Ningemwonaje? Yeye yuko ndani, mimi niko nje.

Habari zake nilizisikia mwaka wa kumi na moja wa ndoa yangu. Rahma alirudi kutoka soko la Jumatano na kitambaa, akakikunjua mbele yangu, akasema kimeuzwa na mwanamke wa Aija anayeitwa Thuraya. “Anakusalimu sana,” akasema, akinitazama usoni.

Nikamjibu simjui.

“Haya,” akasema Rahma. Basi. Haya tu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nikaingia jikoni, nikachukua kile chuma cha vitumbua, nikakitupa ndani ya pikapu. Nikakiuza Sinaw pamoja na vyuma chakavu, riale moja unusu. Niliporudi nikamwambia mama, soko la Jumatano limekwisha, sitaki kukuona huko tena.

Akakaa chini, kizingitini. Akasema, “Wiki ina siku saba. Sita mimi yaya wako. Moja naitwa kwa jina langu. Hiyo moja nayo umeiuza riale moja unusu, mwanangu?”

Nikamjibu, “Mtumishi hachagui.”

Akainuka pale kizingitini. Kisha akasema, “Kweli, bwana.” Tangu saa ile sikuitwa tena mwanangu.

Ijumaa iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Idi ya kuchinja. Nizwa nilimaliza mbuzi wote! Nilitoka na bahasha nene, naimba kwenye gari. Mzee Saud akanipigia simu, nipitie Mudhaibi baada ya alasiri, kuna shauri. Nikajua wanataka ushauri wa mtu mwenye akili. Nikajipulizia manukato kabisa.

Ndani ya mejlisi alikuwepo Mzee Saud na wazee wawili wa hapo. Nyuma ya pazia, wanawake wa nyumba. Na karibu na mlango walikaa wawili: mama yangu, na Bi Thuraya.

Mama akasimama. Akainamisha kichwa.

“Shikamoo, bwana.”

Hata vikombe vya kahwa vilisita mikononi mwa watu. Mama mzazi anamwamkia mwanawe shikamoo! Wote walikuwa wakinitazama mdomo.

“Marahaba,” nikasema.

Mzee Saud akafumba macho, akayafumbua. Akaeleza kwamba mwanamke huyu anadai amefanya kazi nyumbani kwangu miaka kumi na moja bila ya mshahara. “Lakini kabla hatujaenda mbali,” akasema pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, “hebu tuambie, Khalfan. Huyu ni nani kwako?”

Mzee mmoja akaongeza, “Sema tu, baba. Hapa sote watu wazima.”

“Mpeni maji,” akasema Bi Thuraya. “Sur alikuwa na mdomo mrefu huyu, leo ulimi umemkauka.”

Wasomaji, nilikuwa na neno moja la kusema. Neno ambalo mtoto hulijua kabla ya kujua kutembea. Lilifika kooni... Nikawaza jina langu, ghorofa yangu, Mzee Saud ataniona nani. Nikalimeza.

Nikasema, “Mtumishi wetu wa zamani.”

Nyuma ya pazia nikasikia mtu analia. Nikadhani ni mama mkwe, anamwonea huruma mtumishi.

“Mmesikia,” akasema mama, sauti imetulia kama maji ya mtungini. “Basi na nilipwe.”

Bi Thuraya akataja mshahara wa yaya, riale arubaini kwa mwezi. Sikubishana. Mimi nibishane, mbele ya wakwe? Nikatoa bahasha ya mbuzi wa Idi, nikahesabu mbele yao, nikatupa juu ya zulia. Mama akatia dole gumba kwenye karatasi ya stakabadhi, nikaichukua mimi. Na mimi, mpumbavu, nikajisifu: “Mimi sidaiwi na mtu!”

Mama akazifunga pesa kwenye pindo la kanga. Akasema, “Hatudaiani, bwana.” Akatoka na Bi Thuraya. Hakugeuka.

Hapo ndipo Mzee Saud aliponiambia. Walijua! Walijua tangu mwaka wa tatu! Thuraya alilisema lile jambo soko la Jumatano, na wanawake wa nyumba yake wakalijua kabla yake. Rahma mwenyewe ndiye aliyewaomba wanyamaze. Aliwaambia mwacheni, ataona haya, atasema kwa mdomo wake. Miaka minane wananisubiri!

“Leo tulikufungulia mlango wote,” akasema. “Ulitakiwa kutia mguu tu. Unanusa hiyo pilau? Tulipika kumkaribisha mkwe wetu, mama yako.”

Kweli ilikuwa inanukia. Nilidhani ni ya kwangu.

Rahma akatoka nyuma ya pazia, macho mekundu. “Mama yako umemlipa arubaini kwa mwezi,” akasema. “Na mimi utakaponikana, Khalfan, utanilipa ngapi?” Hakurudi Ibra. Watoto wako naye Mudhaibi, na siku hizi wanajua Yaya ni nani. Wao humwamkia bibi yao shikamoo. Mimi wananipa mkono kama mgeni.

Mama anaishi Aija, kwa Bi Thuraya. Amenunua chuma kipya. Jumatano anakuja Ibra, anakaa kiti cha mbele cha gari.

Nami kila Jumatano nasimamisha pikapu nje ya lango. Siwezi kuingia. Wiki iliyopita nilimsimamisha mwanamke mmoja aliyekuwa akiingia, nikamwomba amwambie Bi Mwanaidi kuwa mwanawe yuko nje, anaomba radhi. Nikampa na pesa za vitumbua.

Alirudi na mfuko, bado wa moto. Akasema, “Anasema yeye hana mtoto Ibra. Alikuwa na bwana wake tu, nao wamemalizana. Vitumbua amekuuzia kwa bei ya watu wote.”

Nilivila ndani ya gari. Ladha ni ile ile ya Aija.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi mliokuja huku na mama zenu weusi, mama zenu wasiojua Kiarabu, mama zenu wanaonuka moshi wa jikoni... msiwafiche! Nawaomba, nawalilia! Mkiulizwa huyu nani, semeni saa ile ile, kabla ulimi haujazoea kusema vingine. Msidhani ipo siri iliyofichika kwa sababu nyinyi hamkuwepo ilipotajwa. Na msije mkasema, kama mimi, kwamba hakuna kinachowashtua.

Mimi hununua na kuuza kila wiki, najua bei ya kila kitu. Na ya hili naijua pia, maana karatasi yenye dole gumba lake ninayo mfukoni mpaka leo. Kumkana mama yangu kumenigharimu riale elfu tano, mia mbili na thamanini... na baisa mia mbili za vitumbua.