Chungu Kisichomwagwa

Kila asubuhi, kabla ya kufagia kiwanja, Martine alikunywa kikombe cha dawa ya kupata mimba. Miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna. Mizizi ililetwa na mama mkwe wake, Mama Virginie, kutoka Pepa, pamoja na masharti: chungu hakimwagwi mpaka mimba ishike. Maji yakipungua, ongeza. Mizizi ikilegea, tupia mingine juu.

Wiki ya tano, Mama Pélagie, mzazi wa Martine, akamkuta binti amelala mkekani, macho ya manjano kama ndizi mbivu.

"Macho gani haya?"

"Mama mukwe anasema uchafu unatoka."

"Uchafu! Ni wewe mwenyewe unayetoka!"

Akamvuta mpaka dispensere. Virginie akafuata, ananung'unika.

"Ni muti gani?" akauliza Mama Émérence, muuguzi.

"Jina halitajwi," akajibu Virginie. "Chungu hakimwagwi, mizizi inaongezwa tu."

"Na kikombe cha leo kina nguvu sawa na cha siku ya kwanza?"

Muuguzi akafunua jicho la Martine kwa kidole.

"Ini lake limeumia. Aache leo leo."

"Bibi yangu alizaa kwa dawa hii!"

"Na waliokunywa wasizae, nani aliwahesabu? Miti mingine inasaidia mwili, sikatai. Huu haujapimwa. Na Basile, bwana yake, alikunywa vikombe ngapi?"

"Mwanaume? Yeye ni muzima!"

"Nani alimupima?"

Pélagie akapiga mapaja. Miaka mitatu, hakuna aliyeuliza!

Martine akalazwa. Basile akakataa kupimwa. Basi Pélagie akaenda kusimama kwenye mlango wa karakana ya reli alikofanya kazi Basile, saa ya kutoka kazini. Mkwe akimwona mama mkwe wake njiani hupita mbali kwa haya. Wenzake wakacheka mpaka machozi.

"Mukwe wangu, leo unapimwa?" akaita Pélagie.

Siku ya tatu akakubali, ili mradi mama yule aondoke.

Vipimo vya labo vikaonyesha Basile ana ugonjwa wa zinaa wa zamani, uliotibiwa nusu. Wakatibiwa wote wawili, mume na mke, pamoja. "Siahidi mutoto," akasema Émérence. "Naahidi kwamba sasa tunajua tunachotibu."

Mwaka uliofuata Martine akazaa msichana. Virginie akaja kumwona mjukuu, kifurushi kimefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Ni dawa ya kuongeza maziwa tu, mwanangu."

Pélagie akafungua kinywa, lakini Martine akamtangulia.

"Muti gani, mama?"

"Jina hali..."

"Basi, urudi nayo. Mutoto umubebe, karibu."