Mtoto wa Chini ya Mfuniko

Maji yakikaa kwenye tangi la samaki hupungua kwa joto, hilo halihitaji shule. Ya nyumbani kwa Zaidi pale Majengo yalipungua asubuhi, na ilipofika mchana yakarudi. Mfuniko umefungwa, komeo limesukumwa, hakuna aliyeongeza hata kikombe. Moshi hii, mlima uko juu ya vichwa vyetu, na sebuleni kwa fundi wa madirisha kuna kupwa na kujaa.

Rahma, mke wa Zaidi, ndiye aliyegundua, maana ndiye anayefuta vumbi. Akachora mstari wa wanja kwenye kioo, akatoka kuanua nguo. Aliporudi maji yalikuwa yameupita mstari.

"Baba Mwamvita, njoo uone."

"Joto hilo." Zaidi hakuinua macho kwenye simu.

"Joto linaongeza maji?"

"Aisee, si wewe uliyetaka mfuniko? Mvuke unapanda, unagonga kioo, unarudi chini. Hiyo sayansi, mama."

Zaidi ana jibu la kila kitu, Mungu kamjalia. Lakini hapo kwenye mfuniko alisema kweli. Yeye ni fundi wa vioo na alumini, na siku alipoliona tangi la samaki wa baharini kwenye ofisi ya mteja mmoja Arusha, samaki wa rangi ya chungwa wanapishana na wa bluu, usingizi ulimruka. Akaapa kutengeneza la kwake, aliweke sebuleni, wateja waone mkono wake. Alitaka liwe wazi juu, eti ndiyo maridadi. Rahma akashika kiuno. Ndani kuna Mwamvita, binti yao wa miaka mitano, ambaye haoni kiti bila kukipanda. Kuna na paka, Bosi, ambaye hata dagaa walioko kwenye mafuta ya moto huwapigia hesabu.

"La wazi kalale nalo kiwandani kwako," Rahma alimwambia.

Akachagua yeye. Kioo kinene. Meza pana na fupi, isiyopinduka mtoto akiiegemea. Nyaya zipite nyuma, juu, mkono mdogo usifike. Samaki wenye miiba ya sumu wasikanyage. Na mfuniko wa kioo, wenye matundu madogo ya hewa na komeo gumu la kusukumwa na mtu mzima. Sasa niambieni kosa liko wapi hapo! Mama yeyote mwenye akili angechagua vilevile.

Kosa lilikuwa kwenye maji. Shakiru, mdogo wake Zaidi, ni kondakta wa basi la Tanga, ndiye aliyeyaleta kwa madumu. Kule ufukweni alikuta kidimbwi katikati ya mawe, maji meupe pe, juu yake vimefungwa vitambaa vyekundu na pembeni kuna chupa ya marashi. Mtoto wa pwani angerudi kinyumenyume huku anasoma dua. Shakiru amekulia kwenye mifereji ya huku mlimani, na kwetu maji yana zamu: ukiyakuta yametulia na hakuna mtu, ujue zamu haina mwenyewe, chota. Naye akachota mpaka kidimbwi kikabaki mchanga.

Basi, baada ya maji kuanza kupwa na kujaa, Bosi akaacha kuingia sebuleni. Alikaa kizingitini manyoya yamemsimama, anakodolea mfuniko, samaki hana habari nao. Halafu ikaja harufu, shombo iliyochanganyika na marashi, ikang'ang'ania mapazia na ikaingia mpaka kwenye mchele wa ndooni. Halafu ikaja chumvi. Rahma aliona viganja vidogo vyeupe kwenye kioo cha mfuniko, akadhani ni vya Mwamvita, akachukua kitambaa akasugua. Havikutoka. Akasugua tena kwa nguvu. Ndipo akaelewa kwamba viganja vile vimepigwa kwa ndani.

Mwamvita alikuwa amepiga magoti hapo hapo, sikio kwenye kioo.

"Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?" Rahma aliuliza kwa kunong'ona, hata mwenyewe hakujua kwa nini ananong'ona.

"Wa humu. Analia. Anataka kwa mama yake, lakini mfuniko mzito."

Rahma alimnyanyua binti yake akatoka naye mpaka nje, akakaa naye juani na huku meno yanagongana.

Siku hizo ndipo ilipoanza hodi. Jua likiwa utosini, watu wako kwenye chakula, mtaa umetulia mpaka unasikia cherehani ya nyumba ya tatu, inakuja sauti ya mwanamke, ya chini, yenye adabu zake. "Hodi." Rahma akifungua, hakuna mtu. Kizingiti kimelowa, na kikikauka kinabaki cheupe.

Akamwambia mumewe. Na Zaidi, mwenye jibu la kila kitu, akaamua kwamba Mwamvita ndiye anayechezea tangi, akaongeza komeo la pili na kuziba matundu ya hewa kwa silikoni. Jioni ile ile kifua cha Mwamvita kikabana. Walimkimbiza hospitali, wakamsikiliza, wakamvutisha dawa, akapumua vizuri njia nzima ya kurudi mpaka walipofika mlangoni, na alipovuka kizingiti tu pumzi ikakatika tena, midomo ikageuka rangi, akakohoa, na kilichomtoka kinywani, Rahma alikionja kwenye kidole chake, maana mama huonja, kikawa maji ya chumvi.

Wakampeleka kwa jirani, hali ikawa ile ile, wakamrudisha. Kila Zaidi alipokaza komeo, mtoto alizidiwa. Hapo fundi akaishiwa majibu. Alikaa chini ukutani akalia kama mtoto, na Rahma hakuwa na nafasi ya kumbembeleza.

Walioitwa ni wawili, na hawakuelewana tangu mlangoni. Wa kwanza ni Bi Hadija wa Njoro, mzaliwa wa Tanga, anayetibu kwa kombe na dua. Wa pili hakuitwa hasa, alikuja mwenyewe: Bibi Yuditha, mama yake Rahma, Mlutheri wa Old Moshi, ambaye mpaka leo anamwita bintiye Eliona, jina alilozaliwa nalo. Alishuka na jani la isale ndani ya kitenge. Mchaga akikukosea akakuletea isale, huna ujanja, unasamehe.

"Shikamoo, mama," Rahma alisema.

"Marahaba. Yuko wapi mjukuu wangu? Ruwa wangu, Mungu wangu, mbona amekuwa hivi!"

Bi Hadija hakumgusa mtoto. Alilizunguka tangi, akanusa mfuniko, akarudi nyuma.

"Humu mmefungia mtoto," alisema taratibu. "Mtoto wa kijini. Mama yake amemfuata. Huyo ndiye anayewapigia hodi."

"Basi tuyarudishe maji Tanga," Zaidi alisema. "Shakiru ataondoka nayo alfajiri."

"Mwenye mtoto yuko mlangoni, wewe unampelekea Tanga nani? Na huyu wenu hafiki alfajiri." Akamgeukia Rahma. "Aliyechagua mfuniko ndiye aufungue. Akipiga hodi, mkaribishe mara moja tu, mpe mwanawe, atoke. Neno la pili lisikutoke. Wale wanashika maneno, mwanangu."

"Na isale je?" Bibi Yuditha aliuliza. "Utamrudishia mtu mtoto wake mikono mitupu, bila kumwomba radhi?"

"Mama, jini wa baharini atajua isale?" Rahma alimuuliza.

"Uchungu wa mwana anaujua mzazi. Atajua."

Bi Hadija alitikisa kichwa, lakini hapakuwa na muda wa ubishi, kwa sababu Mwamvita alikuwa amelazwa kwenye mkeka anavuta hewa isiyoingia, mbavu zinaonekana moja moja, na nje jua lilikuwa limefika utosini na ile cherehani ya nyumba ya tatu ilikuwa imenyamaza.

"Hodi."

Rahma akamtazama binti yake, akasema, "Karibu."

Mlango haukufunguliwa na mtu, wala haukulia, ila harufu ya shombo na marashi iliingia kwanza ikajaza chumba mpaka macho yakawasha, halafu akaingia mwanamke mwenye khanga iliyolowa, mama wa kawaida kabisa, mchovu, miguu imepasukapasuka kwa kutembea kwenye lami, na Rahma angeweza kumwonea huruma tu bila kuogopa kama asingeona kwamba maji ya ile khanga hayadondoki sakafuni bali yanapanda, tone kwa tone, kutoka kwenye pindo kuelekea kiunoni, na kwamba alipofumba macho yale macho yalijifumba kutoka chini kwenda juu.

Rahma alisukuma komeo la kwanza, akasukuma la pili, vidole vinateleza kwa jasho. Silikoni ilinata, akavuta, akavuta, akataja jina la Mungu, mfuniko ukaachia kwa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi. Maji yakainuka. Hayakumwagika, yalisimama, yakapata kichwa na mabega madogo, na mkono wa baridi ukamshika Rahma mkono, kama mtoto yeyote anavyomshika mtu mzima akitaka kushuka mezani. Akamshusha. Miguu midogo ikapiga sakafu, tap tap tap, ikaishia ndani ya ile khanga.

Nyuma yao Mwamvita akavuta hewa, ikaingia yote, akalia kwa sauti.

Hapo ndipo palipokuwa pa kunyamaza. Lakini Bibi Yuditha alishamwekea bintiye isale mkononi, na Rahma akalinyoosha kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Yule mwanamke akalipokea, akalinusa.

"Hili jani la nini?" Sauti yake ilikuwa na mawimbi kwa mbali.

Rahma alikaza midomo. Aliyejibu ni mama yake. "Ni isale. Tumekukosea, tunaomba radhi. Ukishalipokea, ugomvi umekwisha. Tunakuwa ndugu."

"Ndugu," yule mwanamke alisema, akilionja neno. Akamtazama Mwamvita pale kwenye mkeka, akamtazama kwa muda mrefu na kwa mapenzi. "Ndugu hutembeleana. Na hawa watoto wameshazoeana."

Akageuka kuondoka. Sasa jamani, mtu umelelewa Old Moshi, mgeni haondoki nyumbani kwenu bila kuagwa, ungechapwa! Rahma alikuwa ametoka kuona binti yake anarudi kutoka kaburini, moyo umejaa shukrani, akili haipo. Mdomo ukasema wenyewe:

"Haya. Karibu tena."

Bi Hadija alijipiga paji la uso.

Mwanamke alikwisha kutoka. Mlangoni palibaki maji, yakakauka, yakawa meupe. Zaidi alikuwa ameshachukua nyundo anasubiri amri ya kulivunja tangi. Bi Hadija alimwambia aiweke chini.

"Jini mgomvi ninamtoa," alisema, anakusanya vitu vyake haraka haraka. "Ndugu wa watu nitamtoaje? Mmemkaribisha wenyewe, mmempa na jani."

"Nisaidie, bibi," Rahma alinong'ona. "Nifanye nini?"

"Mpikie mwanao ale."

Alimpikia mtori. Mwamvita alikula bakuli zima akaomba lingine, kifua kimefunguka, mashavu yamerudi, na bibi yake akaimba pambio kwa furaha akidhani mambo yamekwisha. Rahma alikaa karibu kabisa na mtoto, goti kwa goti, anamfuta mdomo, anamshikashika nywele, hamalizi kumtazama.

"Mama," Mwamvita alisema, kijiko kinywani. "Tumekubaliana. Wakija wao kwetu mara moja, na mimi naenda kwao mara moja."