Visigino vya Kaka Amba

Huyu ni Sekela. Anaishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na tope jingi.

Huyu ni kaka yake, Amba. Ana miaka kumi na minne, na ndevu tatu kidevuni. Amba hujifunza polepole. Akishajua kitu, hakisahau.

Amba anajua viatu. Kila jioni husafisha viatu vya nyumba nzima.

*Kwashu, kwashu, kwashu.*
*Mbele, pembeni, na kisigino pia.*

Jioni moja Sekela alisafisha viatu vyake mwenyewe. Amba akavigeuza.

"Mbele safi," alisema Amba. "Kisigino je?"

Kisigino kilikuwa na tope.

"Hakuna anayekiona," alisema Sekela.

"Mimi nakiona," alisema Amba.

*Kwashu, kwashu, kwashu.*
*Mbele, pembeni, na kisigino pia.*

Baada ya kula, wakaenda kupiga mswaki. Amba alisugua meno ya mbele. Kwashu, basi.

"Tayari," alisema.

"Bado, baba," alisema Mama. "Huko nyuma kuna chakula. Ndiyo maana fizi zinakuuma. Lete mswaki, nikusafishe mimi."

Amba akafumba mdomo. *Mmm.*

"Mimi mkubwa," alisema, meno yamebanana. "Nasafisha mwenyewe."

"Ukifika mpaka nyuma, utasafisha mwenyewe," alisema Mama. "Usipofika, nitakusafisha mimi."

Amba akatazama chini. Alitaka sana kusafisha mwenyewe. Lakini nyuma ni wapi?

Sekela akawaza. Kisha akakimbia, *pu pu pu*, akaleta kiatu chake.

"Kaka, tazama," alisema, akagusa kisigino cha kiatu. "Meno nayo yana visigino."

Amba akatazama kiatu. Akatazama kioo. Akafungua mdomo. *Aaa.*

Akatafuta kwa ulimi, mpaka mwisho kabisa.

"Viko huku," alisema. "Vichafu."

Akachukua mswaki.

*Kwashu, kwashu, kwashu.*
*Mbele, pembeni, na kisigino pia.*

"Taratibu," alisema Mama. "Kiatu hakina fizi."

Amba akacheka. Povu likaruka mpaka kwenye kioo.

Mama akachungulia mdomoni. Juu. Chini. Huku. Na huku.

"Kesho nani atasafisha meno haya?" aliuliza.

"Mimi," alisema Amba.

"Na kesho kutwa?"

"Mimi tena."

"Haya," alisema Mama, akamwachia mswaki wake.

Sekela alikuwa na usingizi. Akasugua meno ya mbele, kwashu, akajifunika blanketi.

Amba akasimama mlangoni.

"Sekela. Visigino je?"

"Hakuna anayeviona."

"Mimi naviona."

Sekela akacheka, akashuka kitandani.

*Kwashu, kwashu, kwashu.*
*Mbele, pembeni, na kisigino pia.*

Nje, mvua ikanyesha. Ndani, viatu vilikuwa safi, na meno yalikuwa safi.

Amba akazima taa. Yeye mwenyewe.