Waliokupa Kofia Wakupe na Mwavuli

Siku Baba Mdogo alipoacha kuja kwetu ilikuwa Jumapili, na ilianza vizuri. Mama alikuwa ameandaa chai, zulia limekung'utwa, na sisi watoto tulishagombania nani akae wapi. Jumapili alasiri ilikuwa ya filamu, na filamu ilikuwa ile ile moja.

Niwaeleze kwanza watu wenyewe, ndugu wasomaji. Baba na mdogo wake walikuwa mafundi wa makochi. Baba alipima mbao, akakata, akapigilia fremu. Baba Mdogo akaweka sponji na kuvuta kitambaa mpaka kikatulia kama ngozi. Ujanani aliwahi kufanya kazi nchi ya mbali, akarudi na lugha ya huko na diski moja ya filamu. Sisi lugha hiyo hatukuijua hata neno, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Alikaa kwenye kigoda karibu na televisheni, akitufasiria kwa sauti ya kila mtu, hata ya farasi.

Ni hadithi ya ndugu wawili wenye kinu cha kusaga nafaka. Wanagombana, mdogo anaondoka. Mwishoni anarudi mvua ikimwagika, anagonga, na mkubwa anafungua akiwa na taa mkononi. Hapo Baba Mdogo alikuwa anasimama, anasema kwa sauti nzito, "Ingia, ndugu yangu, umelowa!" Kisha anazima. "Imekwisha! Chai iko wapi?"

Maneno hayo yakawa ya nyumbani kwetu. Hata paka akirudi na mvua aliambiwa hivyo hivyo.

Jumapili hiyo Baba Mdogo aliingia na kofia mpya, ya kugawiwa kwenye mkutano wa hadhara. Taarifa ya habari ilikuwa haijaisha. Watu wazima wenye tai walikuwa wanabishana kama katiba ibadilishwe ili kiongozi aongezewe muda.

"Waongeze tu," alisema Baba Mdogo akivua viatu. "Barabara si imewekwa lami? Siku hizi kochi linafika kwa mteja na miguu yote minne."

"Fundi akimaliza kazi anachukua msumeno wake anaondoka," Baba alijibu. "Hakai sebuleni kwa mteja."

"Na akiwa fundi mzuri, humrudishi?"

"Nitamrudisha nikimwita mimi. Si ajiite mwenyewe."

Mama alicheka. "Haya, mmetoka sare. Wekeni filamu."

Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hoja zote mbili zilisimama. Lakini Baba Mdogo alikuwa mbishi, na Baba hakupenda kushindwa mbele ya watoto. Sauti zikapanda. Hoja zilipomwishia, Baba alinyoosha kidole kwenye ile kofia.

"Wenzako wananunuliwa kwa kiwanja. Wewe kichwa kizima kimenunuliwa kwa kofia!"

Tukacheka. Nyumba nzima, Mama pia, ameziba mdomo kwa kiganja. Baba Mdogo alitutazama mmoja mmoja, akasubiri tumalize. Halafu akavua kofia, akaiweka juu ya kigoda, akavaa viatu bila kufunga kamba.

"Na filamu je?" Mama aliuliza.

"Mtaangalia tu, shemeji. Picha zinaonekana."

Kesho yake karakana ikawa na ukuta wa plaiwudi katikati. Upande huu fremu za Baba zilirundikana, mbavu nje. Upande wa pili sponji na vitambaa vilikaa bila kazi. Mteja akiuliza, Baba alisema, "Muulize mwenye kofia."

Mvua zilipoanza, jioni moja mlango uligongwa. Baba akafungua. Baba Mdogo alikuwa amesimama nje, kichwa wazi, maji yanamchuruzika puani.

"Kaka," akasema, akitabasamu kidogo, "nimelowa."

Ndugu zangu, kila mtu mle ndani alilijua jibu. Lilikuwa linasubiriwa tu. Midomo ya Mama ilishaanza kulitamka.

Baba akasema, "Waliokupa kofia wakupe na mwavuli." Akafunga mlango.

Kuna aliyecheka. Sitasema ni nani, maana tulikuwa wote.

Baba Mdogo alihamia mji mwingine, akapata kazi ya kufunika viti vya mabasi. Hakupiga simu, na Baba akasema aliyekosa ndiye anayeanza. Ule mjadala wa katiba nao ukaisha. Tuliwaona kwenye televisheni wale waliokuwa wanatukanana wamekaa meza moja, wanacheka. Baba aliwaangalia sana.

"Mwezi ujao nitamfuata," alisema.

Kabla mwezi huo haujafika, simu ilitoka kwa mwajiri wake. Ni moyo, walisema. Alianguka kazini akafa, sindano ya kushonea iko mkononi. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, lakini Baba hakumsikia. "Ni ile mvua," aliwaambia waliokuja kutupa pole, hata wasiouliza.

Walipokwisha kuondoka, Mama aliweka ile diski. Nadhani alitaka tuwe naye tena kidogo. Lugha ngeni ikapita bure, kigoda kitupu. Mvua, mlango, taa. Tukasema wote kwa pamoja, "Ingia, ndugu yangu, umelowa."

Lakini hapakuwa na mtu wa kuzima.

Yule mkubwa akasema neno moja, fupi. Akafunga mlango. Mdogo wake akabaki amesimama kwenye mvua, kisha akageuka, akaenda mpaka asionekane, na maandishi yakaanza kupanda.

"Kumbe alijua," Baba akasema. "Miaka yote hiyo alijua yule mtu anajibu nini. Na bado alikuja kunigongea."

Mama akainuka, akazima.

FUNZO

Sisemi watu wasiwe na maoni. Mambo ya nchi ni yetu, na mimi nina yangu. Bishaneni, pigeni meza. Lakini hoja ikikuishia, nyamaza. Usiuchukue utu wa ndugu yako ukaufanya mzaha. Nawe uliyekaa pembeni usijione umesalimika, kwa sababu kicheko nacho ni msumari. Wakubwa mnaowagombania watapatana, maana wana magari ya kuwafikisha kwenye meza moja. Mtu wako anakuja kwa miguu. Akifika mlangoni kwako amelowa, mpe jibu analolijua.

Ukuta wa plaiwudi Baba ameubomoa. Anatengeneza fremu tu, kisha anazipeleka kwa fundi mwingine azifunike. Mvua ikinyesha huufungua mlango wa sebuleni na kuuacha wazi, maji yakaingia mpaka kwenye zulia. Mama hupiga deki, na mlango akauacha vile vile.