Yai Viza Lisilopatikana

Asubuhi hiyo, kule Kibimba, Scolastica alimwogesha mtoto wake Iteka, akamnyonyesha, akamlaza kitandani. Halafu akakunja uso.

“Mama, unaisikia harufu?” alimwuliza mama mkwe wake, Bibi Nyirabahizi.

“Naisikia. Yai viza hilo. Leo limezidi.”

Jamani, yai gani hili? Kuku aliyekuwa akiatamia chini ya kitanda alifukuzwa, maskini, na mayai yake yakatupwa migombani. Harufu haikutoka. Wakafagia, wakaanika godoro. Wapi! Na sasa Iteka alikuwa ameanza kukohoa. Huyu anasema ni vumbi, yule anasema ni baridi. Scolastica alichanganyikiwa, na kikohozi cha mwanawe kilimtia hofu.

Kwenye kona ya chumba hicho palikuwa na betri kubwa ya sola. Kuna kidude kinachokaa kati ya paneli na betri. Kilikuwa kimeharibika. Matiasi, mume wa Scolastica, hakuona tabu. Alikitoa, akaunga nyaya za paneli moja kwa moja kwenye betri.

“Sasa itakula mpaka ishibe,” alijisifu.

Kweli, jua likipanda, betri ilitoa sauti: bwu, bwu, bwu. Bibi Nyirabahizi aliisikiliza akatabasamu. Yeye ni mpishi wa urwagwa, pombe ya ndizi. Sauti ya kitu kinachochacha anaijua.

“Inaiva hiyo,” alisema. “Ifunikeni, isipigwe baridi.”

Akaleta blanketi lake mwenyewe, akaifunika vizuri kama anavyofunika pombe yake. Dirisha nalo likafungwa. Lakini taa zilizidi kufifia. Imeshiba, mbona haina nguvu? Hakuna aliyeelewa.

“Leo nitalipata yai hilo!” alisema Scolastica. Chumba kilikuwa na giza mchana kweupe. Alipiga magoti kando ya kitanda, akatoa kijiti cha kiberiti.

“Hodi humu!”

Alikuwa Kezia, jirani yao, fundi wa sola pale Benaco. Alikuja kuomba machipukizi ya migomba. Harufu ilimpokea mlangoni.

“Scola, usiwashe, patalipuka! Weka kiberiti chini! Mtoto yuko wapi?”

“Amelala hapa. Kwani kuna nini?”

“Mbebe, tokeni nje! Shikamoo mama, toka nje nawe!”

“Marahaba,” alijibu bibi, huku anakimbia.

Matiasi alisikia kelele, akaja mbio kutoka shambani. Kezia alimwambia apande paani akafunike paneli kwa turubai, ili umeme usiendelee kuingia. Yeye akafungua mlango na dirisha wazi, kisha akawazuia wote wasiingie.

“Yai linalipukaje?” aliuliza Scolastica.

“Hakuna yai. Ni betri. Ikijazwa kupita kiasi, inatoa gesi. Moja ndiyo hiyo inayonuka na kuumiza kifua. Nyingine hainuki kabisa, lakini cheche moja tu, inalipuka. Tindikali inawarukia usoni.”

Scolastica alitazama mkono wake. Kijiti bado alikuwa amekishika. Akaketi chini na mtoto wake, akalia.

“Kwani si ilikuwa inachacha tu?” aliuliza bibi kwa sauti ndogo.

“Hapana, mama. Betri haiivi. Ile ni sauti ya kuharibika.”

Matiasi alijikuna kichwa. “Nilifikiri ikishiba sana ndiyo inapata nguvu.”

“Kile kidude ulichokitoa kinaitwa kontrola. Ndicho kinachozuia umeme betri ikijaa. Usiunge tena bila hicho, shemeji.”

Betri ilipopoa, Kezia alivaa glavu na miwani, akafungua nyaya, akaitoa nje. Alipochungulia ndani, maji yalikuwa yamepungua.

“Mliongeza maji gani?”

“Ya chemchemi,” alisema Scolastica. “Safi kabisa, ndiyo tunayokunywa.”

“Aa, hayo yana chumvichumvi, yanaiua. Yanatakiwa maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri. Na dukani usiseme tu ‘maji ya betri’. Utapewa tindikali, maana nayo wanaiita hivyohivyo! Sema unataka yasiyo na tindikali. Mkiona yamepungua, niiteni. Na tindikali ikiwarukia, osheni kwa maji mengi papo hapo, kisha zahanati.”

Iteka alipelekwa zahanati siku hiyohiyo. Matiasi alijenga kibanda kidogo cha betri nje, ukutani, penye kivuli, chenye matundu ya hewa na kufuli. Kezia akafunga kontrola mpya na betri ikarudishwa kazini. Ilikuwa imechoka kidogo, lakini taa ziliwaka vizuri. Iteka akaacha kukohoa, na Scolastica akapata usingizi.

Baadaye Scolastica alikwenda Murukulazo kumpa hongera Suzan, rafiki yake aliyejifungua. Alipoingia chumbani alimwona mtoto mchanga, na miguuni pa kitanda betri iliyofunikwa kitenge.

“Karibu kiti,” alisema Suzan.

Scolastica hakukaa. Hakutoa hata hongera. Alivuka chumba, akafungua dirisha wazi, akamnyanyua mtoto yule na kutoka naye nje.

“Scola! Unampeleka wapi mwanangu?”

“Njoo huku nje, dada. Njoo kwanza, nitakueleza.”